Muulizeni Mtoto Anaona Nini

Somo la wiki: Marko 8:22–26



Injili ya Marko ina muujiza mmoja ambao wahubiri wengi huupita haraka kwa sababu unatutatiza. Huko Bethsaida watu walimletea Yesu kipofu, wakamsihi amguse. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakujipendekeza. Alisema anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Yesu akamwekea mikono machoni tena, na safari hii akaona kila kitu waziwazi. Ni uponyaji pekee katika Injili unaosimuliwa kwa hatua mbili, na katikati ya hatua hizo pana swali.

Marko hakuuweka muujiza huu hapo kwa bahati. Muda mfupi kabla yake, wanafunzi wamo mashuani wakihangaikia mikate, na Bwana anawashangaa kwamba wana macho lakini hawaoni. Muda mfupi baadaye, Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, kisha anakataa kusikia habari za mateso. Petro anaona, lakini nusu. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya somo, na tusiipoteze. Hata hivyo, jicho lililoponywa Bethsaida lilikuwa jicho la nyama, la mtu aliyehitaji kutembea, kufanya kazi na kuwatambua ndugu zake. Kwa hiyo muhula huu unapoanza, nawaomba tulisome somo hili tukiwafikiria watoto wetu wa Timau, hasa wale wasioona mbali.

Tuanze na jibu la yule mtu. Aliwezaje kusema kwamba watu wanafanana na miti? Alijua mti ulivyo. Wafafanuzi wengi huona hapo dalili kwamba hakuzaliwa kipofu: aliwahi kuona, akapoteza, na sasa alikuwa na cha kulinganisha. Mtoto asiyeona mbali hana cha kulinganisha. Macho yake yamefifia polepole, muhula baada ya muhula, na hana habari kwamba wenzake wanaona zaidi yake. Asubuhi mawingu yakiondoka tunaambiana kwamba leo mlima uko wazi, tukaonyeshana vilele vya Mlima Kenya, Batian na Nelion. Mtoto naye huinua uso, akaona weupe na buluu vimechanganyikana, akaitikia ndiyo. Hadanganyi. Kwake huo ndio mlima.

Darasani ni vivyo hivyo. Anafinya macho akitazama ubao. Anaomba kukaa mbele, au ananakili kutoka kwenye daftari la jirani. Kitabu anakishika karibu na pua. Kwenye mpira anakosa kuuona ukija, wenzake wanacheka, naye anaamua kwamba mpira si wake. Ripoti inakuja nyumbani imeandikwa kwamba hana makini. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, nasi tukiona mtoto ana macho mawili safi yasiyo na wekundu wala tongotongo, tunadhani kilichopungua ni bidii. Tunamwambia tazama, tena kwa ukali, bila kumwuliza anaona nini.

Wengine wetu hutafuta wa kulaumiwa. Wanafunzi walifanya hivyo katika Yohana sura ya 9: wakamwona kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa pande zote mbili. Nami nasema kwa mama anayenong'onezewa na majirani: kutoona mbali kwa mtoto wako si laana, si kijicho cha mtu, wala si adhabu. Ni jinsi jicho lilivyokua. Mtoto mwenye mzazi asiyeona mbali ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata hali hiyo, na wazazi wote wawili wakiwa nayo uwezekano huongezeka. Lakini urithi peke yake hauelezi yote, na hapo ndipo tuna kazi ya kufanya.

Madaktari huita hali hii miopia. Kwa kawaida mboni ya mtoto, yaani tufe zima la jicho, hukua mpaka urefu unaofaa, ili mwanga unaoingia utue sawasawa juu ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Kwa mtoto mwenye miopia mboni hurefuka kupita kiasi, na picha ya kitu cha mbali hutua mbele ya retina. Cha karibu anakiona, cha mbali kinafifia. Mboni ikisharefuka hairudi kuwa fupi. Nazo kuta zake ndizo zinazolipia: mama anayesukuma chapati anajua kwamba donge ni lile lile, kwa hiyo kadiri linavyotanuka ndivyo linavyozidi kuwa jembamba, mpaka mahali fulani linachanika.

Ndiyo sababu hili si jambo la ubaoni tu. Mtoto anayeanza kutoona mbali akiwa na miaka 7 ana miaka mingi mbele yake ya jicho kurefuka kuliko anayeanza akiwa na miaka 13, kwa sababu kwa wengi hali hii hutulia mwishoni mwa ujana. Akifika utu uzima na miopia kali, hatari ya retina kubanduka huongezeka, na vivyo hivyo hatari ya glakoma, ya mtoto wa jicho kuja mapema, na ya kuharibika kwa kitovu cha retina, sehemu tunayotumia kusoma na kutambua nyuso. Miwani haiwezi kurudisha kitovu kilichokwisha kuharibika. Mwaka 2019 watafiti Mark Bullimore na Noel Brennan walionyesha kwamba kila dayopta moja ya miopia inayozuiwa hupunguza hatari ya ugonjwa huo wa kitovu kwa takriban asilimia 40. Dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya miwani kinachoandikwa kwenye karatasi ya daktari. Tofauti ndogo kwenye karatasi ya mtoto wa leo huwa tofauti kubwa kwa mzee wa kesho.

Duniani hali inakwenda kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 karibu nusu ya watu wote watakuwa hawaoni mbali. Katika miji ya Asia Mashariki vijana 80 hadi 90 kati ya 100 humaliza shule wakiwa na miopia. Afrika bado tuko chini sana: tafiti za watoto wa shule zikijumlishwa, ni kama watoto 5 kati ya 100. Tumshukuru Mungu, lakini tusilale. Watoto wa Asia hawakuzaliwa na macho tofauti na ya babu zao. Kilichobadilika ni namna wanavyokaa: saa nyingi ndani, vitabu karibu, masomo ya ziada jioni na wikendi, na sasa skrini. Tukiangalia ratiba za watoto wetu, hasa wa bweni, tutaona tumeanza kuishika njia hiyo hiyo.

Basi somo letu linatufundisha nini? Nitataja mambo matatu, kwa mpangilio wa Marko mwenyewe isipokuwa nitaanza na swali.

Bwana aliuliza. Yeye aliyejua yote alimpa yule mtu nafasi ya kusema anachoona. Hapa Kenya tuna mfano mzuri wa swali hilo. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Trans Nzoia ukiongozwa na daktari wa macho Hillary Rono wa Kitale. Ulihusisha shule 50 na watoto zaidi ya 20,000, na waliowapima walikuwa walimu waliofundishwa kazi hiyo. Katika nusu ya shule, walimu walitumia simu yenye programu iitwayo Peek. Skrini huonyesha herufi E iliyogeuzwa huku na huku, mtoto akionyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Mzazi wa mtoto aliyekutwa na shida alipewa picha iliyochapishwa inayoonyesha jinsi mtoto wake anavyoona, kisha akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha kwenda hospitali. Katika shule hizo, watoto 54 kati ya kila 100 waliotumwa hospitali walifika. Katika shule zilizotumia chati ya kawaida na barua ya rufaa, walifika 22.

Zingatieni ile picha. Wazazi wa makundi yote mawili waliwapenda watoto wao. Lakini waliopewa nafasi ya kutazama dunia kwa macho ya mtoto, na wakakumbushwa, walienda mara mbili na zaidi ya wale walioletewa karatasi tu. Zingatieni pia waliobaki: hata pale palipofanywa vizuri, karibu nusu hawakufika. Tunaijua sababu, kwa maana ndiyo maisha yetu. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua akiomba ruhusa ya siku anahesabu mshahara unaokatwa. Anayelima viazi ana siku ya soko. Nauli ya kwenda Nanyuki au Meru na kurudi, ya mzazi na mtoto, si pesa ndogo. Hapa kanisa lina nafasi yake. Mama mmoja anaweza kuwapeleka watoto wa familia tatu siku moja, akiwa na ruhusa ya wazazi wao na namba zao za simu. Kikundi kinachochanga kwa ajili ya harusi kinaweza kuchanga nauli ya kliniki ya macho.

Bwana alimtoa nje ya kijiji. Sitadai kwamba Marko alikuwa akitufundisha udaktari wa macho. Lakini nikisoma kwamba Yesu alimshika mtu mkono akamtoa nje, nashindwa kuacha kutaja jambo ambalo watafiti wamelithibitisha: watoto wanaokaa nje mchana hupata miopia kidogo kuliko wanaofungiwa ndani. Kule Guangzhou, China, shule 12 ziliingia katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Baadhi ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata miopia walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, na asilimia 39.5 katika nyingine. Taiwan ilianza mpango wa taifa mwaka 2010 wa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya watoto wasioona mbali iliyokuwa ikipanda ikaanza kushuka. Kinyume chake pia kimeonekana. Mwaka 2020, baada ya watoto kufungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, watoto wa miaka 6 katika mji mmoja wa Shandong, China, walikutwa na miopia kwa asilimia 21.5, ilhali katika miaka mitano iliyotangulia haikuwahi kuzidi asilimia 5.7.

Kinachosaidia ni mwanga wenyewe. Mwanga wa nje, hata kivulini, hata siku ya mawingu ya Julai hapa kwetu, ni mkali mara nyingi zaidi ya ule wa darasani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga huo huifanya retina itoe dopamini, kemikali inayoipunguzia mboni kasi ya kurefuka. Mtoto hahitaji kulitazama jua, na kofia haimzuii kufaidika. Anahitaji saa mbili hivi nje kila siku, zikijumlishwa: kutembea kwenda shule, mapumziko, kuchota maji, kucheza jioni. Kinga hii ina nguvu zaidi kabla miopia haijaanza, kwa hiyo tusingoje dalili.

Nawasihi walimu na wazazi wa shule msiitoe saa ya michezo kwa ajili ya mtihani wa majaribio. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo, nayo ilitungwa kwa faida ya mtoto. Nyumbani, kitabu kiwe mbali na uso kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi ngumi, na kila baada ya dakika 20 mtoto ainue macho atazame mbali. Simu asipewe mtoto mdogo kama mlezi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiyefika miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na asiyefika miaka 5 asizidishe saa moja kwa siku. Nasi viongozi wa kanisa tujiangalie. Shule ya Jumapili inayowafungia watoto ndani asubuhi nzima inaweza kufanyika chini ya mti.

Bwana aliweka mikono mara ya pili. Hapa ndipo wazazi wengi wazuri wanapoachia njiani. Mtoto amepimwa, amenunuliwa miwani, anaona ubao, alama zimepanda, tumeshukuru kanisani. Hiyo ni hatua ya kwanza. Miwani ya kawaida humpa mtoto kuona, lakini haizuii mboni kuendelea kurefuka. Kwa hiyo arudi kupimwa kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema. Namba zikipanda haraka, mzazi aulize waziwazi kama kuna njia ya kupunguza kasi hiyo. Njia zipo: matone ya atropini ya kiwango kidogo yanayotiwa usiku, lenzi za miwani zilizoundwa kwa kazi hiyo, na lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe. Si kila kliniki inazo na bei yake si rahisi, lakini swali halilipiwi. Pa kuanzia ni kitengo cha macho katika hospitali ya rufaa, Meru mjini au Nanyuki.

Niyaondoe maneno manne yanayotusumbua. Kwamba miwani huzoesha macho uvivu: si kweli. Watoto wa China vijijini waliopewa miwani walifanya vizuri zaidi katika hesabu, na macho yao hayakuharibika kwa kuivaa. Kumpa mtoto miwani hafifu kuliko anayohitaji, tukidhani tunamsaidia, hakumkingi. Kwamba miwani ya sokoni inatosha: ile imetengenezewa sisi tuliopita miaka 40 tunaposoma, na mtoto asiyeona mbali akiivaa ataona vibaya zaidi. Kwamba karoti humaliza shida hii: karoti za mashamba yetu zina vitamini A inayokinga upofu wa usiku, basi tuwape kwa wingi, lakini haziwezi kuifupisha mboni. Na kwamba tone lolote la dukani ni dawa: mtoto anayewashwa macho kwa vumbi na kuyasugua kila mara anaweza kuharibu umbo la kioo cha mbele cha jicho, na matone yenye steroidi yakitumiwa bila daktari huweza kuleta glakoma na mtoto wa jicho.

Wako pia vijana wanaoficha miwani mfukoni kwa sababu wanaitwa majina. Waambieni hivi. Moja ya kumbukumbu za kwanza kabisa za miwani duniani imo katika mahubiri. Tarehe 23 Februari 1306, mtawa Giordano da Pisa aliwaambia waumini wa Florence kwamba haijatimia miaka 20 tangu ufundi huo upatikane, na kwamba yeye mwenyewe alizungumza na aliyeugundua. Mtawa mwenzake, Alessandro della Spina, alijifunza kazi hiyo baada ya mtu mwingine kukataa kuifundisha, akawagawia watu wote kwa moyo mkunjufu. Miwani ile ya kwanza ilikuwa ya wazee wanaosoma. Ya wasioona mbali ilikuja katika karne ya 15. Papa Leo wa Kumi alikuwa mmoja wao, na mchoraji Raphael alimchora akiwa na lenzi yake mkononi. Hakuificha. Kijana wa kanisa letu avae yake hata kwayani.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kila mzazi au mlezi amtoe mtoto nje, amzibe jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, amwulize anaona nini: ng'ombe wangapi kule ng'ambo, matatu ile imeandikwa nini, kilele kinaanzia wapi. Kisha jicho la pili. Asimsahihishe, asimcheke, amsikilize tu na kulinganisha na anachoona yeye. Jibu likitia shaka, mtoto apelekwe kupimwa kabla muhula haujaisha. Mwenye makengeza, au mwenye weupe unaong'aa ndani ya jicho, apelekwe wiki hii hii. Na mtu mzima mwenye miopia kali akiona mimweko ya ghafla, vidoa vingi vipya vinavyoelea, au pazia jeusi likishuka upande mmoja, asingoje kesho. Wasio na nauli wamwone mzee wa kanisa wa mtaa wao baada ya ibada.

Tuombe.

Bwana Yesu, uliyemsubiri mtu wa Bethsaida aseme anachoona, tupe uvumilivu wa kuwasikiliza watoto. Utusamehe pale tulipowaita wazembe nao walikuwa hawaoni. Wabariki walimu wanaotambua, wauguzi na madaktari wanaopima, na mafundi wanaokata lenzi. Wape wazazi wa Timau nauli, ruhusa kazini na ujasiri wa kuuliza tena. Walinde watoto wetu, ili wakifika umri wa kuwa na wajukuu waweze kusoma Neno lako na kuzitambua nyuso za wapendwa wao. Na sisi tunaokuona nusu, utuguse tena. Amina.